Zahanati Zipo, Wauguzi Wapo, Mishahara Haipo

Nilisomea uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, wakati ambapo kila kiongozi aliyesimama mbele ya wahitimu alisema kwamba Kenya ina upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Hakuna aliyetuambia kwamba upungufu huo haungetuzuia kukaa nyumbani bila kazi. Nilifanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, nikapata leseni, kisha nikaanza kuzungusha barua za maombi mjini Kisumu huku nikiishi kwa shangazi yangu mtaani Manyatta. Walimu wetu walikuwa wametoka darasani na kuingia wodini moja kwa moja, kwa sababu serikali ya siku hizo iliwaajiri karibu wote iliowafunza. Utaratibu huo ulikufa katika miaka ya 1990, serikali ilipobanwa ipunguze watumishi wake, na haujafufuka hadi leo. Tangu wakati huo nimefanya kazi upande wa magharibi na baadaye katika Kaunti ya Nakuru, na jambo nililolithibitisha kwa macho yangu ni kwamba nchi inaweza kukosa wauguzi na papo hapo ikawa na wauguzi tele wasio na ajira, bila mambo hayo mawili kupingana hata kidogo.

Hospitali ya kibinafsi iliyoniajiri kwanza ilinilipa kiasi ambacho, baada ya nauli na chakula, hakikubakisha cha kutuma nyumbani. Mwenye hospitali hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kwamba droo yake ilikuwa na barua nyingi za wenzangu, na kwamba nikilalamika kupita kiasi, mmoja wao angefika kesho yake asubuhi akiwa amevaa sare. Watu wanaozungumzia upungufu wa wauguzi husahau jambo hili, kwamba anayeumizwa kwanza na ukosefu wa nafasi serikalini ni yule aliye kwenye sekta ya kibinafsi, kwa maana mshahara wake hupangwa kwa kutazama urefu wa foleni ya wasio na kazi.

Nilitoka huko kwa sababu ya bajeti. Mwaka wa 2009 serikali ilitangaza mpango wa kuchangamsha uchumi, na ndani yake kulikuwa na ahadi ya kuajiri wauguzi 20 kwa mkataba katika kila eneobunge, wakati huo maeneobunge yakiwa 210. Mimi ni zao la mpango huo. Nilipelekwa kwenye zahanati moja upande wa Maseno, ambayo jengo lake lilikuwa limekamilika muda mrefu kabla sijafika, likapakwa rangi, likafunguliwa rasmi kwa hotuba na nyimbo, kisha likafungwa kwa kufuli. Popo walikuwa wamehamia darini. Meza ya kupimia wajawazito ilikuwa bado imefungwa kwenye karatasi ya nailoni iliyotoka nayo dukani.

Sababu ya zahanati hiyo kukaa bila mtu haikuwa uzembe wa wanakijiji wala ukaidi wa wauguzi. Ilijengwa kwa Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, na sheria ya hazina hiyo iliruhusu kujenga lakini haikuruhusu fedha zake kutumika kwa gharama za kila siku za kituo. Mbunge angeweza kuonyesha ukuta, lakini hangeweza kulipa mshahara hata kama angetaka, na Wizara ya Afya haikuwa imeulizwa kama ingekuwa na mtu wa kumweka ndani ya ukuta huo. Magharibi yote nilikopita, kuanzia vilima vya Vihiga hadi ukingo wa ziwa, niliona majengo ya aina hiyo. Ilikuwa sawa na familia inayonunua sufuria mpya kila mwezi na kusahau unga.

Nilipofungua mlango, nilikuwa muuguzi pekee. Nilikuwa na mhudumu mmoja wa usafi aliyelipwa na kamati ya zahanati wakati kamati ilipokuwa na pesa, na mlinzi wa usiku aliyekuwa pia mkulima wa mihogo. Kazi iliyoandikwa kwenye barua yangu ya ajira ilikuwa uuguzi. Kazi niliyoifanya ilikuwa kupokea wagonjwa, kuwapima, kuandika dawa, kutoa dawa hizo hizo dirishani, kuendesha kliniki ya wajawazito, kuzalisha, kufunga vidonda, kuagiza dawa na kuhesabu zilizobaki, kisha kujaza rejista na ripoti za mwezi ambazo zilihitajika wilayani mapema mwezi uliofuata, kuwe na mvua au kusiwe nayo.

Chanjo ndiyo iliyonifundisha maana halisi ya kuwa peke yako. Jokofu letu lilitumia gesi, na lilipaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kipimo ambacho nilikiandika asubuhi na jioni. Chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake, hutupwa baada ya muda wa saa sita hata kama chupa bado imejaa nusu, kwa hivyo muuguzi makini hafungui chupa kwa sababu ya mtoto mmoja. Huwaita akina mama siku moja ya wiki. Lakini siku hiyo moja ndiyo siku ambayo mama mwingine anaweza kufika akiwa na uchungu wa kuzaa, na hapo huna budi kuchagua kati ya foleni ya watoto kwenye benchi na mama aliye chumba cha pili. Ukichagua chumba cha pili, kama inavyostahili, akina mama wa benchi wanasubiri hadi saa nane mchana, wengine wanaondoka, na baadhi yao hawarudi, kwa sababu walitembea mbali na jembe linawangoja shambani. Gesi ilipoisha, au chanjo zilipohitaji kuchukuliwa kutoka bohari ya wilaya, nilifunga zahanati na kupanda pikipiki mwenyewe nikiwa na kibebeo cha barafu magotini.

Mzee mmoja aliyekuwa akija kuchukua dawa za shinikizo la damu aliniambia siku moja kwa upole uliouma kuliko matusi: “Nyathina (yaani mwanangu, kwa Kijaluo), jana nilikuja nikakuta kufuli. Leo nimekukuta wewe, lakini foleni ni ile ile.”

“Nivumilie, mzee,” nilimjibu. “Nina mama ndani.”

“Na mimi nina mke nyumbani anayejua nimekuja hospitali. Akiniona narudi bila dawa, atadhani nilipitia kwingine.”

Katika takwimu za wilaya, zahanati yetu ilihesabiwa kuwa inafanya kazi. Safu ya wahudumu ilikuwa na tarakimu moja, nayo ilitosha kuiondoa kwenye orodha ya vituo vilivyofungwa. Hakukuwa na safu ya saa ambazo mlango ulifungwa kwa sababu tarakimu hiyo ilikuwa imekwenda bohari, imeugua malaria au imekwenda kuzika. Tangu wakati huo sijaweza kusoma orodha ya vituo vya afya bila kujiuliza kila kimoja kina watu wangapi siku ya Alhamisi saa nne asubuhi.

Mwaka wa 2013 mambo mawili yalikuja kwa pamoja. Serikali za kaunti zilianza kazi kufuatana na Katiba ya mwaka wa 2010, na huduma nyingi za afya, pamoja na sisi wafanyakazi wake, zikahamishiwa huko. Halafu, kuanzia tarehe 1 Juni, serikali ya kitaifa ikafuta malipo ya uzazi katika hospitali na zahanati za umma. Uamuzi wa pili niliufurahia na bado naufurahia, kwa kuwa niliona wanawake waliokuwa wakizalia nyumbani kwa sababu ya shilingi chache wakianza kuja. Walikuja, lakini mkunga hakuongezeka. Mtu anaweza kufuta ada kwa tangazo la siku moja. Kumpata mkunga kunachukua miaka mitatu na zaidi ya masomo, kisha bajeti ya kumlipa kila mwezi hadi astaafu akiwa na miaka 60.

Kuhusu bajeti hiyo, kaunti zilikuta mlango mwembamba. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka wa 2015 zinasema kwamba mishahara na marupurupu ya kaunti yasizidi asilimia 35 ya mapato yake yote. Kanuni hiyo ina busara yake, kwani bila hiyo kuna kaunti ambazo zingeajiri jamaa na marafiki hadi pasibaki pesa ya kununua hata glavu. Hata hivyo, kanuni haibagui. Karani wa tatu katika ofisi isiyohitaji karani wa pili huhesabiwa ndani ya asilimia ile ile na muuguzi wa chumba cha kujifungulia, na kaunti ikishafika kwenye dari, anayenyimwa kazi ni yule ambaye bado hajaajiriwa, ambaye kwa kawaida ni kijana mwenye leseni mpya.

Kisha ikaja migomo. Madaktari waligoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi tarehe 14 Machi 2017, siku 100 kamili, wakidai utekelezaji wa mkataba wa pamoja uliotiwa saini mwaka wa 2013, na viongozi wao walifungwa jela kwa muda mwezi Februari. Sisi wauguzi tulianza wetu Juni 2017, ukaendelea hadi Novemba. Sitajifanya kwamba migomo hiyo haikuumiza watu. Kijiji changu kilijua nyumba ninayoishi, na akina mama walibisha mlango usiku, na kila muuguzi wa mashambani alilazimika kuamua mwenyewe afanye nini na bisho hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba miezi ile ilionyesha kwa uwazi nani hufanya kazi gani. Madaktari walipogoma, hospitali kubwa zilipwaya lakini zahanati ziliendelea. Wauguzi walipogoma, chanjo zilisimama, kliniki za wajawazito zilisimama, na wenye uwezo wakakimbilia hospitali za misheni, ambazo nazo zilielemewa. Watu wengi huita kila aliyevaa koti jeupe daktari, na huenda ndiyo sababu hawakuwa wametambua kwamba aliyekuwa akiwahudumia miaka yote hakuwa daktari.

Nilihamia Nakuru kwa sababu za kifamilia, mume wangu akiwa huko na watoto wakihitaji shule. Nilipohama niliacha pengo, na sioni haya kulisema, kwa maana mtu hawezi kudaiwa aishi mbali na watoto wake maisha yote ili tu takwimu za wilaya zipendeze. Hata kuhama kwenyewe si rahisi siku hizi. Kabla ya ugatuzi, wizara ilikuwa ikituhamisha kutoka Turkana hadi Kwale kwa barua moja. Sasa kaunti unayoiacha haitaki kukuachilia na kaunti unayoiendea haina nafasi, kwa hivyo mara nyingi inakubidi utafute mwenzako anayetaka kuelekea upande wako, mkabadilishana. Nilimpata wangu baada ya kuuliza sana, muuguzi aliyetaka kurudi karibu na mama yake mgonjwa. Zahanati nyingi za mashambani magharibi zimepata watu wao kwa njia hiyo, kwa bahati ya mtu kuwa na mzazi karibu, na hakuna mpango wa serikali niliouona ukizingatia jambo hilo kwa uzito unaostahili.

Katika hospitali niliyohamia, ambayo sitaitaja, nilipewa hatimaye jukumu la kupanga zamu za wodi, na hapo nikajifunza hesabu ambayo ningependa kila diwani aijue. Wiki ina saa 168. Muuguzi wa serikali anatarajiwa kufanya kazi saa 40. Kuweka muuguzi mmoja tu wodini usiku na mchana kunahitaji wauguzi wanne na kitu, kabla hujagusa likizo ya mwaka, ugonjwa, mafunzo na miezi mitatu ya likizo ya uzazi ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa kila mama. Ukiongeza hayo unafika watano. Kwa hivyo kiongozi anapotangaza kwamba hospitali imepata wauguzi kumi wapya, mimi husikia wawili. Na kwa kuwa wengi wetu ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, likizo ya uzazi si tukio la dharura katika wodi. Ni jambo la kila mwaka linaloweza kupangiwa, na bado karibu kila mara huchukuliwa kama mshangao, na wanaobaki huongezewa zamu.

Ni katika wodi hiyo pia nilipoona jinsi hospitali zinavyoegemea watu ambao hawajahesabiwa kama wafanyakazi. Wanafunzi wa uuguzi hupima joto na shinikizo la damu, wanagenzi wa udaktari hushika zamu za usiku, na mmoja wao akikosekana kila mtu huhisi. Mwaka wa 2024 serikali ilipotaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 zilizokuwa kwenye makubaliano ya mwaka wa 2017, madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei. Wapo waliosema kwamba mwanagenzi ni mwanafunzi na anapaswa kuridhika. Waliosema hivyo hawajawahi kuwa wodini saa tisa usiku.

Kuhusu wanaokwenda ng'ambo, niliyoyaona yanatofautiana kidogo na yanayosemwa. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi mwezi Julai 2021, na yalielezwa kama njia ya kuwapatia kazi wale wasio na ajira. Kutoka wodi yangu, hata hivyo, walioondoka hawakuwa wasio na ajira. Aliondoka muuguzi wa chumba cha upasuaji, akaondoka wa chumba cha wagonjwa mahututi, wakaondoka wawili kwenda Saudia. Waajiri wa nje na mawakala wao hutafuta uzoefu, na uzoefu hupatikana kwa kuajiriwa. Aliyekaa nyumbani miaka minne baada ya kuhitimu hana cha kuonyesha, wala mara nyingi hana ada ya mtihani wa Kiingereza. Kwa hivyo kijana wa Luanda au Mumias, miji ya magharibi mwa Kenya, hubaki bila kazi, na hospitali hupoteza yule iliyemfunza kwa miaka kumi. Simlaumu aliyeondoka. Yule wa chumba cha upasuaji alinipigia simu akiwa Uingereza, akaniambia kwamba jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa kupewa siku ya mapumziko na kuachwa apumzike.

Madaktari wa Cuba, karibu 100, walioletwa na serikali mwaka wa 2018 na ambao mpango wao ulisitishwa mwaka wa 2023, sina mengi ya kusema juu yao. Walikuwa wataalamu, walifanya kazi, na wakati wote waliokuwa hapa kulikuwa na madaktari Wakenya waliokuwa wakitafuta kazi.

Funzo lililoniuma zaidi lilikuja mwaka wa 2025. Kaunti za kandokando ya ziwa, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, zimebeba mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi, na kliniki za dawa za kupunguza makali zilijengwa kwa kiasi kikubwa kwa msaada wa Marekani. Matabibu, washauri nasaha, wanaoingiza data na akina mama waelekezi walilipwa na mashirika, huku wakikaa ndani ya hospitali za umma na kuhudumia wagonjwa wa umma. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na wiki iliyofuata rafiki yangu niliyesoma naye, mshauri nasaha katika kliniki moja ya huko, aliambiwa asiende kazini. Wagonjwa wake waliendelea kuja. Muuguzi wa kaunti aliyekuwa chumba cha jirani akaongezewa faili zao. Kwa miaka mingi tulikuwa tumejidanganya kwamba eneo hilo lina wahudumu wa kutosha wa huduma hiyo, ilhali mishahara yao haikuwa katika bajeti ya serikali yoyote ya Kenya. Yanayofanana na hayo yaliwapata wahudumu zaidi ya 8,000 walioajiriwa kwa mikataba mwaka wa 2020, wakati wa korona, ambao mwaka wa 2025 walilazimika kupiga kambi nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu.

Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na Kenya iko chini yake. Nakubali kipimo hicho, lakini nimejifunza kutokianzia. Idadi ya leseni haisemi ni nani anayelipwa, nani yuko Manchester, nani anauza mitumba katika soko la Kibuye mjini Kisumu huku cheti chake kikiwa ukutani. Hata wale wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, ambao nawathamini sana kwa sababu wao ndio hufika mlangoni, kazi yao inakamilika tu ikiwa mgonjwa waliyemwelekeza zahanati atamkuta mtu.

Siku hizi kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, mimi huhudhuria kikao cha wadi yetu katika ukumbi wa kanisa. Majirani huomba wodi ya akina mama, ua la zahanati, ambulansi. Mimi huuliza ni wauguzi wangapi watastaafu mwaka huo wa fedha, kama nafasi zao zimetengewa mishahara, na ni mikataba mingapi inayokwisha kabla ya tarehe 30 Juni. Mara ya mwisho afisa wa fedha alijibu swali la kwanza tu, akasema mengine niyaandike kwa barua. Niliiandika, nikapeleka nakala kwa diwani, nyingine kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ambaye ni fundi wa magari na ambaye ameahidi kuyauliza maswali yale yale kikao kijacho, kwa sababu yeye si mtumishi wa kaunti na hawezi kuhamishwa.